Udongo wa Kinyungu cha Yudita

Kazi ya Nikodemo ilikuwa kinyaa kitupu, na mwenyewe hakuficha. Mwaka 1953, kambini kati ya Njombe na Makambako, aliosha visahani vya kioo ambamo Bwana Krofti, mtafuta madini, alifuga vijidudu vya udongo. Mtu mzima na ndevu zake, anafuga uozo! Kila kisahani kilitiwa mchuzi wa nyama, udongo kidogo na sumu ya madini. Vijidudu vya kawaida vilikufa. Vilivyozoea kuishi penye madini vilistawi, vikatoa ute wa kijani wenye uvundo. Nikodemo alinawa kwa sabuni mpaka vidole vikachubuka, na bado ugali ulimshinda.

Udongo aliuleta mwenyewe, kifuko kimoja kila hatua mia. Mstari wa kupimia ukapita katikati ya kinyungu cha mkewe Yudita, bustani ya bondeni iliyowalisha kiangazi chote. Akachota.

Siku ya nne kisahani chenye udongo ule kikafurika ute. Bwana Krofti akakinusa kwa furaha, ptu!

"Nikodemo, zamani watu waliyeyusha chuma bondeni pale? Taka zao zina madini, zisije zikanidanganya."

Babu yake Nikodemo alikuwa na tanuri la chuma pale pale, tanuri la kutiliwa dawa na kuimbiwa. Lakini Nikodemo sasa alikuwa mzee wa kanisa, na mambo ya babu hakuyataja mbele ya mtu.

"Hapana, Bwana. Viazi tu."

Vibarua wakachimba wiki nzima, matuta yote yakafukiwa. Kina cha kiuno wakakuta mavi ya chuma, zile taka za tanuri, marundo kwa marundo, na bomba la udongo la mvukuto. Chini yake, udongo wa mfinyanzi mtupu. Bwana Krofti akamtupia Nikodemo bomba lile miguuni, akaamuru mahema yang'olewe. Shimo akaliacha wazi.

Yudita alisimama ukingoni, maji yakijaa palipokuwa na viazi vyake.

"Baba Tabea, nani alimpelekea udongo wetu?"

"Mimi."

"Na mavi haya ya babu hukuyajua?"

"Niliyajua. Aliniuliza, nikakana."

Jioni Yudita alimwekea maji na ugali kama kawaida. Nikodemo akanawa, akanawa tena. Visahani vilikwishaondoka, uvundo haupo. Aliitazama mikono yake, akajichukia, na ugali ukamshinda.