Saa Moja kwa Ndege

Kaka yangu mkubwa simpendi, na sina haja ya kumumunya maneno. Anauza vipuri vya magari katika jiji lililo kilometa mia sita kutoka hapa. Kwa basi ni kutwa nzima. Kwa ndege, saa moja. Hiyo saa moja ndiyo dini yake. Ukimwambia kwamba Mama anamkumbuka, atajibu, "Aa, si saa moja tu? Nikitaka naja hata kesho." Kesho yake hiyo imetuzeesha. Ndugu wa mtaa wa pili wanakuja kwa miguu yao, lakini yeye wa karibu kwa ndege hatukuwa tumemwona miaka mitatu. Tulimpa jina la Saa Moja, mbali na masikio ya Mama.

Mama ana kisukari. Anaishi nami katika chumba cha uani, nyuma ya kibanda ninachokatia tiketi za mabasi. Dawa nampa mimi, kidonda cha mguuni namsafisha mimi. Lakini kwetu jambo zito haliamuliwi bila kifungua mimba, na kifungua mimba ndiye huyo.

Asubuhi ile hospitalini, daktari mpasuaji alifungua bandeji akasema vidole viwili vimeoza, vikatwe upesi kabla uozo haujapanda. Nikampigia Kaka.

"Asiguswe," akasema. "Mkubwa ni mimi. Nakuja."

"Kaka, toa ruhusa kwa simu tu. Tusichezee shilingi chooni."

"Wewe umezoea mabasi yako. Mimi napanda ndege. Chai yenu haitapoa nitakuwa hapo."

Mama alisikia, akatabasamu kama aliyepona. "Tumsubiri mwanangu."

Mpasuaji alishusha pumzi. Mama ana akili zake timamu. Hakatwi kwa nguvu.

Saa moja ya Kaka haikuhesabu foleni ya kwenda uwanjani, wala ukaguzi wa mizigo, wala ukungu uliozuia ndege isiruke. Kila nilipopiga simu, alikuwa "karibu kupanda". Mchana homa ya Mama ikachachamaa. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamsihi asaini mwenyewe. Akageukia ukutani.

"Unataka kaka yako aje akute mambo yamekwisha? Aonekane mtu bure?"

Nilimchukia Kaka. Na dakika ile, Mungu anisamehe, nilimchukia na Mama.

Basi lililotoka jijini kwake alfajiri lilifika, likashusha abiria, likaoshwa. Ndipo Kaka akaingia wodini, shati limenyooka, ananukia manukato, mikono mitupu. Mpasuaji akamwambia kwamba sasa hazungumzii vidole tena. Mguu unakatwa chini ya goti.

"Mngeniambia mapema ni jambo la haraka," akasema Kaka, akinitazama mimi. Kisha akamwitikia Mama kwa kichwa, na Mama akasaini.

Usiku kucha nilikaa sakafuni, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na mgeni alikuwa amechoka.

Mama alipozinduka, macho yake yalinipita, yakatafutatafuta mpaka yakamwona yeye kitini. Akanyoosha mkono, akaushika wake.

"Mwanangu," akasema, "pole na safari."