Neno Lililovuka Mto Olza

Genowefa Struzik hakuzaliwa Cieszyn, mji wa mpakani. Alitoka mashariki ya Poland, karibu na Warusi, akaja kushona mashati kiwandani pamoja na mama yake mgonjwa wa pumu. Wenyeji wa Cieszyn huvuka mto Olza kwenda kwa Wacheki kama mtu atokaye sebuleni kuingia jikoni, na lugha zote mbili wamekua nazo. Yeye alikuwa na Kipoland chake tu, na Kirusi cha kukaririshwa shuleni.

Jumamosi moja, ng'ambo, aliona duka lenye tangazo la mkate "cherstvi," na watu wamepanga foleni. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Dada, kuna nini?" akauliza mwokaji, kijana mrefu mwenye unga hadi kwenye nyusi.

"Nawacheka nyie mnaogombania mkate uliolala! Kwetu cherstvi tunawapa bata."

"Uliolala? Hebu shika." Akamwekea mkononi mkate mweusi wa kisibiti, ukamchoma vidole. "Kwetu cherstvi ndiyo huu. Umetoka tanurini sasa hivi."

Jina lake Ctibor. Tangu hapo Genowefa hakukosa kuvuka kila Jumamosi; kila mmoja alisema lugha yake, maana zilikaribiana, na neno lile likawa utani wao. Bibi yake Ctibor, mzee wa Kikroatia, alilitamka "chvrst," na kwake lilikuwa kitu imara, kisichotikisika.

"Hiyo ndiyo maana ya zamani, ya mababu wa wote," Ctibor alisema. "Ganda la mkate mpya ni imara, sisi tukaona upya. Nyie mkaona ugumu."

"Na Warusi wakaona moyo. Kwao mtu wa cherstvi hana huruma."

"Basi usije ukawa Mrusi kwangu."

Alipomposa, Genowefa aliomba muda. Mama alikuwa anakohoa usiku kucha, angemwachia nani? Ctibor akakubali kusubiri. Kiangazi hicho wafanyakazi wa Poland wakagoma, na ilipofika vuli serikali ya ng'ambo ikafunga mpaka, ikiogopa migomo nayo itavuka.

Majira ya kuchipua, theluji ikiyeyuka, Genowefa alimwona Ctibor kwenye ukingo wa pili. Mto ulikuwa unanguruma. Ctibor akakinga mikono mdomoni, akapiga kelele maneno marefu, maji yakayameza yote. Akajaribu tena, safari hii neno moja tu.

"Cherstvi?"

Genowefa alijua anauliza habari za penzi lao. Akavuta pumzi, akajibu kwa nguvu zake zote, kwa lugha ya yule kijana, na ya bibi yake pia.

"Cherstvi!"

Bado jipya. Bado imara.

Ctibor alisimama kidogo. Akavua kofia, akaivaa tena, akaondoka bila kugeuka. Genowefa alirudi pale ukingoni siku nyingi, hakumwona tena. Fundi mmoja wa reli alimposa, akamkataa. Mama akafariki. Mashati yakaendelea kushonwa.

Mpaka ulipofunguliwa, nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Alivuka asubuhi ileile. Ctibor alikuwa nyuma ya meza ya duka, amenenepa, na alimtambua mara moja. Akamsalimu kwa Kipoland safi kabisa.

"Umejifunza wapi?"

"Tangu mpaka ufungwe. Kila jioni redio ya kwenu. Sikutaka mama yako anicheke." Akaifuta meza isiyo na vumbi. "Siku ile mtoni nilikuuliza kwa Kipoland, Genowefa. Nilikuuliza kama penzi letu limelala. Ukasema limelala."

Genowefa alishika meza kwa mikono miwili.

"Mimi nilikujibu kwa Kicheki," akasema.

Nyuma ya pazia mwanamke akaita, "Baba Zdenka! Supu inapoa!"

"Nenda," Genowefa akamwambia. "Nenda ukale."

Hakuolewa. Ludvika, mke wa Ctibor, alimzoea pale dukani, akawa anamwita shoga, na kila sikukuu humkaribisha mezani. Genowefa hukaa upande wa dirisha, husifu mapishi, hutaniana na Zdenka. Ctibor akimpa chumvi, huiweka kwanza mezani, naye huisubiri itue ndipo aichukue, vidole vyao visigusane.