Msalaba wa Mtoto wa Mwoka Mikate

Watu wakisikia nimemtumikia mwanamke wa ukoo wa kifalme maisha yangu yote, hudhani nimekula kuku kwa mrija. Kuku gani! Tangu tufike hapa Boulogne, mlangoni mwa Paris, mimi Pelageya nakula viazi na kabichi. Siku za neema, kabichi inakuwa na mafuta.

Na si kwamba tulitoka mikono mitupu. Lulu za Bibi Mkubwa Zinaida nilizishona mwenyewe ndani ya nguo yake ya ndani usiku ule mapinduzi ya Urusi yalipotufukuza Krimea, kila moja na fundo lake, ili ikichanika nguo zisimwagike zote. Zingetulisha mpaka tuzeeke. Lakini Bibi Mkubwa ana ugonjwa mmoja: hajui kukataa kuwa mama wa ubatizo. Kila Mrusi aliyezaa mjini hapa, awe jenerali wa zamani au muuza matango ya chumvi, hupanda ngazi zetu na kofia mkononi. "Bibi Mtukufu, mtoto wetu anakuomba." Basi! Mama wa ubatizo ndiye anunuaye msalaba na shati jeupe, na kwa Bibi Mkubwa msalaba ni wa dhahabu, hataki kusikia mwingine. Lulu moja inaondoka, mtoto anapata msalaba, sisi tunapata kabichi.

Nikisema, ananijibu kwa sauti ya upole inayonipandisha kichaa: "Kutoa ni moyo, Pelageya, si utajiri."

"Sawa, bibi. Mwenye nyumba akija, mpe moyo."

Aliyekuwa akimlipa mwenye nyumba ni Lidia, bintiye wa pekee, niliyemlea mimi tangu akiwa na nepi. Lidia alikuwa anatarizi nguo za duka moja kubwa la mavazi, shanga juu ya hariri, kutwa dirishani, macho mekundu. Mama mtu alikuwa anakaa kwenye kiti chake, anapokea wageni na kuzungumzia majira ya kuchipua yajayo, ambapo eti tutarudi nyumbani. Masanduku hajaruhusu yafunguliwe hadi leo. Tunayaruka ruka tu, tunajigonga miguu.

Halafu akaja Gleb. Alikuwa ofisa, sasa anaendesha teksi, kijana mtaratibu, hanywi, na akila kabichi yangu anasema asante. Akamposa Lidia, Lidia akakubali, wakapanga kufunga ndoa baada ya Pasaka. Kilichobaki ni baraka ya mama. Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema "tutaona," na mimi namjua, "tutaona" yake ni mbaya kuliko hapana. Kwa ajili hiyo uchumba haukutangazwa hata kwa padri.

Kwaresima haijaisha, mwoka mikate Savva akapata mtoto wa kiume. Bibi Mkubwa akauza hereni zake za mwisho, akanunua msalaba wa dhahabu, kisha ghafla miguu ikaanza kumuuma.

"Lidia, mwanangu, utasimama badala yangu. Baba wa ubatizo ni Kanali Yevgraf."

Lidia akakubali. Kanali ana miaka sabini, kuna ubaya gani?

Siku yenyewe Gleb akatupeleka kwa teksi yake, bure. Kanisa letu lilikuwa gereji zamani, sakafu bado inanuka mafuta. Watu wamejaa, maji yako tayari, mtoto mikononi mwa Lidia analia. Kanali hayupo.

"Masikini, Kanali ana homa," akasema Bibi Mkubwa, amesimama wima kwa miguu yake inayouma. "Lakini Mungu hakosi. Gleb, mwanangu, wewe si upo hapa?"

Mwanangu! Tangu amjue hajawahi kumwita hivyo. Nikauona mtego.

Kwetu, mwanamume na mwanamke wakimpokea mtoto mmoja kutoka majini, wamekuwa ndugu. Ndugu hawaoani. Hakuna padri atakayewafungisha, hata ulie machozi ya damu. Na kwetu pia, ukiombwa kumsimamia mtoto hukatai. Kuukataa msalaba ni dhambi, tena mbele za watu, tena mtoto wa maskini.

Gleb akageuka rangi. "Bibi Mtukufu, naomba... pengine mtu mwingine..."

"Unaukataa msalaba?"

Kanisa zima likamgeukia. Savva, masikini, akainamisha kichwa akidhani kijana anaona aibu kwa kuwa yeye ni mwoka mikate. Lidia akamtazama mama yake, akamkumbatia mtoto kwa nguvu. Alilelewa asimjibu mama mbele za watu. Nani alimlea hivyo? Mimi, tena kwa bakora!

"Haya, msimamizi asogee," akasema padri.

Gleb akasogea. Angefanya nini?

Hapo ndipo hasira zangu zote, za lulu, za masanduku, za kabichi, zikanipanda kwa mpigo. Nikapenya katikati ya watu, nikamnyang'anya Lidia mtoto.

"Mama wa ubatizo ni mimi."

"Pelageya!" Bibi Mkubwa alinong'ona, lakini hata waliokuwa mlangoni walimsikia. "Umerukwa na akili? Wewe ni mtumishi!"

"Mtoto hajauliza, bibi."

"Savva aliomba familia yangu!"

"Jamani," akasema padri, "maji yanapoa."

Savva akanitazama, akamtazama Bibi Mkubwa, kisha akasema taratibu, "Kwangu mama Pelageya ni heshima." Mungu ampe maisha marefu mtu yule. Naye Gleb ndiye sasa ndugu yangu wa kiroho. Hasara ndogo, maana sikuwa na mpango wa kuolewa naye.

Ulipofika wakati wa msalaba, Bibi Mkubwa akaufumbata ule wa dhahabu, mkono ukawa mweupe, hakuutoa. Nikavua wangu wa shaba aliouvaa marehemu mama yangu, mtoto akavikwa huo.

Nyumbani nikafunga mlango. "Kanali nimemwona sokoni asubuhi, mzima kama kigingi. Ulimwambia ubatizo ni kesho, sivyo? Unamtenda hivi mwanao wa kumzaa? Kwa sababu ni dereva?"

"Dereva ana neno gani!" Nikashangaa, alikuwa analia. "Lidia akiondoka, nani atatulisha, Pelageya? Mimi na wewe, nani?"

Muda wote ule nilidhani ni kiburi.

Baada ya Pasaka wakaoana. Mama, hila zimemwishia, akabariki, uso kama aliyemeza siki. Kabla Lidia hajatoka tulikaa kimya kidogo sote juu ya masanduku, kama tufanyavyo kabla ya safari, kisha akaenda zake, na kiti cha dirishani kikabaki kitupu.

Asubuhi moja Bibi Mkubwa akakikalia. "Nipe sindano."

Watawa walimfundisha kutarizi alipokuwa msichana. Akashona ua, akajichoma, akaninyooshea kidole chenye damu, kama alivyowanyooshea watumishi tangu utotoni.

"Mdomo unao, bibi."

Akakinyonya mwenyewe. Akaendelea. Nilipoinama kumtazamia uzi, akaona shingo yangu tupu. Akatia mkono mfukoni, akatoa ule msalaba wa dhahabu, akanivika.

"Bibi wee! Huu tungeuuza tukalipa kodi!"

"Najua. Ndiyo maana nakupa wewe. Msalaba ukikaa kwangu, kesho atakuja mtu na mtoto, nitautoa."

Tangu Krimea hajanilipa hata senti, na siku anayonilipa, ananilipa kitu nisichoweza kukiuza. Mwanamke huyu ataniua.

"Fumua hilo ua," nikamwambia. "Limekwenda upande."

Akafumua.