Mwenye Mashine

Mimi ni mtu asiyetulia, na sina haja ya kuficha. Nikiketi karibu na mtu, hata kwenye harusi, macho yangu huenda shingoni kwake, pale mshipa unapocheza, nami naanza kuhesabu. Mume wangu amenikanya mpaka amechoka. Anasema watu watadhani nawatafutia mahali pa kuchinja. Tabia hii niliipata kwa mama, Thika, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mpaka leo haijanitoka.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli. Kwetu Majengo hapakuwa na harusi wala arobaini ambayo pilau yake ilipikwa bila yeye kusimama juu ya sufuria na mwiko mkononi, akigombeza watu wazima kama watoto wa madrasa. Kisha akaanza kuketi. Miguu ilivimba hadi kandambili zikamkataa. Alilala ameegemea mito kwa sababu akilala chali pumzi ilimtoroka. Kutoka jikoni hadi mlangoni alisimama njiani kupumzika, akijifanya anatazama kuku.

Tukampeleka Nairobi. Daktari alimsikiliza kifua, akatuambia moyo wa mama umechoka na sasa umeanza kusahau kupiga. Alihitaji mashine ndogo ya kuukumbusha. Mashine mpya hatukuwa na uwezo nayo, na daktari hakutuzungusha. Alisema iko moja iliyotoka ng'ambo, ya mtu aliyekwisha kufa. Ilitolewa mwilini mwake, ikasafishwa, ikapimwa, na betri yake ilikuwa bado na uhai. Uhai wa muda gani, hakujua, ila mama akipata miaka miwili tushukuru.

Mimi nilingoja mama aulize kama atapona.

"Alikuwa nani?" akauliza.

"Sijui, mama. Huwa hawatuambii."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Hata hilo sijui."

"Basi naichukua kama amana. Siku yangu ikifika mtaitoa, apewe mwingine."

Daktari akaitikia haraka, kama unavyomwitikia mtoto anayetaka kununuliwa baiskeli. Nilikasirika kwa niaba ya mama, maana nilimjua. Akisema amana, ni amana.

Waliiweka chini ya ngozi, karibu na mtulinga wa kushoto, ikatuna pale mfano wa kiberiti. Baada ya majuma machache miguu ilinywea na mama akarudi kwenye sufuria zake. Yeye alipopona, mimi ndipo nilipoanza kuugua. Daktari alikuwa amenifundisha kumshika kifundo cha mkono kila asubuhi na kuhesabu mapigo ya dakika moja kwa saa ya mkononi. Yasishuke chini ya sabini. Yakishuka, betri inaisha, tumlete bila kungoja. Aliniambia asubuhi tu, lakini mimi nilimshika asubuhi, nikamshika baada ya chakula cha mchana, nikamshika akiwa amesinzia mkekani.

"Niache nikoroge uji," alikuwa akiniambia. "Unanishika kama polisi."

Kila mtu alikuwa na neno lake. Mjomba, kaka yake mkubwa, mtu mkali wa swala tano, hakupenda kabisa kitu cha mfu ndani ya dada yake. Alikuja siku moja, akakataa chai, akasema, "Nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Hii imenisitiri, kaka," mama akamjibu. "Na matako yako palepale."

Jirani yetu, mama Mkikuyu mwenye kibanda cha mikate na maziwa, aliona mambo kwa njia nyingine. "Kwani hiyo si ni betri? Za redio tukianika kwa mabati si zinashika tena? Wewe kaa jua, mami, iingie nguvu." Basi mama, aliyepelekwa hadi Nairobi kwa mtaalamu, akaanza kuota jua kila asubuhi, leso ameishusha begani upande wa mashine. Nilimweleza kwamba betri ile haianikwi. Akaniuliza jua lina hasara gani.

Na kila akimaliza kuswali alinyanyua mikono akamwombea mwenye mashine. Hilo nalo lilimuudhi mjomba.

"Humjui mtu huyo, wala dini yake huijui," alimwambia. "Pengine alikuwa mla nguruwe."

"Mungu anamjua kwa jina," mama akasema. "Mimi namtumia salamu tu."

Nilipoposwa na mtu wa Ruiru, nilikataa kwa sababu ya ule mkono. Nani angeushika? Mama aliposikia alinijia juu. "Sasa utaolewa na kifundo changu?" Akamwita jirani, akaamuru nimfundishe. Yule mama alijifunza upesi kuliko mimi. Alihesabu kwa Kikuyu, kwa sauti, utadhani anahesabu mayai ya kuuza, na mtaa mzima ukawa unajua mama yangu ameamkaje.

Nikaolewa. Ruiru tulikaa mtaa wa Gatongora, chumba kando ya barabara, na simu hatukuwa nayo. Jirani ndiye aliyebuni njia. Gari la mikate lilimletea mzigo alfajiri, kisha likashuka Ruiru kugawa madukani. Alipatana na dereva: akiambiwa mama yuko salama, apitapo kwangu apige honi mara mbili. Kwa miaka nilisimama kwenye kidirisha cha chumba na chai isiyonyweka, nikingoja honi. Ikilia nilipumua. Ikichelewa nilifokea vyombo, nikamfokea mume, na yeye, mtu mwema, alichukua koti lake akaenda kazini.

Asubuhi moja gari lilipita kimya. Nililiona kwa macho yangu likipita, na dereva hakugeuza hata shingo. Niliacha maziwa jikoni yakimwagika, nikafika Thika na viatu visivyofanana. Mama alikuwa juani, bakuli la njegere mapajani, anamenya.

"Honi yake imeharibika," akasema. "Na wewe, umeharibika nini?"

Nililia kwa hasira. Nilimwambia hajui maana ya kuamka kila siku ukingoja kuambiwa mama yako amekufa. Nilimwambia nimechoka, na kwamba afadhali moyo ungekuwa wangu, ningejua nifanye nini nao. Mama aliweka bakuli chini, akanyoosha mkono.

"Hesabu."

Nikahesabu. Yote yalikuwa sawa. Kisha akashika kifundo changu, akafumba macho, akasikiliza.

"Yako yanakimbia kuliko yangu, na wewe huna betri," akasema. "Tukienda hivi, mwanangu, wewe ndiye utakayetangulia."

Miaka miwili ya daktari ilipita, ikapita na mingine. Yule jirani alipoona hesabu inashuka hakungoja gari la mikate. Alifunga kibanda akampeleka mama Nairobi mwenyewe, mimi nikapata habari jioni. Walimwekea nyingine, nayo ya mtu aliyefariki ng'ambo, betri yake bado changa. Nilipofika wodini mama alinipokea na malalamiko. "Sasa nina wawili wa kuwaombea, na hakuna hata mmoja niliyeambiwa jina."

Haukuwa moyo uliomwondoa. Wakati wa zile mvua za El Nino alishikwa na kichomi, akalazwa hapo Thika, na siku ya nne akafariki. Tulimleta nyumbani. Kabla ya kuoshwa nilimkumbusha mjomba habari ya amana. Alisema maiti ya Mwislamu haichanwi, tena mvua iko njiani, tumzike mapema. Nikarudi ndani kwa wanawake, nikaketi kando ya mama. Nilikuwa nimemshika kifundo bila kujua.

Nje, mjomba alisimama mbele ya wanaume akauliza kama ilivyo desturi: yuko anayemdai marehemu? Kama yuko, ajitokeze, marehemu asiende na deni la mtu.

Miguu yangu ilinitoa nje kabla akili haijanikataza.

"Yuko," nikasema.

Wote wakageuka. "Ni nani?" mjomba akauliza.

"Simjui jina. Ni mtu fulani ambaye moyo wake umechoka. Mama ameshika amana yake."

"Ni ukweli," jirani akasema nyuma yangu, amejitanda leso ya mama kichwani. "Hata mimi aliniambia. Alisema kila siku."

Mjomba alikuwa mtu mkali, lakini hakuwa mtu wa kumzika dada yake na deni.

"Mpelekeni," akasema. "Mumrudishe kabla ya alasiri."

Daktari wa Thika aliitoa na kumshona vizuri. Tulimwosha, tukamkafini, mvua ikatukuta makaburini. Wiki iliyofuata niliipeleka Nairobi nimeifunga kwenye kitambaa chake. Yule daktari aliyeitikia upesi siku ile aliipokea kwa mikono miwili, na safari hii hakuwa na haraka.

Baada ya miezi kadhaa nilirudi kumuuliza. Alisema imepimwa, imekuwa nzuri, na imepata mtu.

"Mwanamume au mwanamke?"

Nililisikia swali likitoka kinywani mwangu na sauti ilikuwa ya mama. Daktari alitikisa kichwa. Hakuruhusiwa kusema.

Ndiyo maana situlii. Gari likipiga honi mara mbili nageuka. Kwenye benchi za hospitali, sokoni, popote, natazama shingo za watu na vituno vilivyo chini ya nguo. Shukrani za aliyeipata sizitaki. Nataka tu kujua kama siku ile, kabla hajakubali kuwekewa, aliuliza mwenye mashine alikuwa nani.