Mjukuu Wangu na Saikolojia

Tarehe mbili Machi mwaka huu nilimpoteza mume wangu, hapa Etobicoke, huku ughaibuni. Mwanangu unayechagua la kusomea, keti nikueleze kilichofuata. Hakina machozi mengi.

Watu wa kanisa walikuja matanga. Chai ilipikwa kwa sufuria kubwa, na kila mama aliniambia, "Jikaze." Sikuwalaumu. Nilipokuwa msichana, dada yangu alifiwa na mtoto mchanga, nikamwambia anyamaze, atazaa mwingine. Alikaa mwaka mzima bila kunisemesha. Kosa hilo ninalo mpaka leo.

Walipoondoka, alibaki mjukuu wangu Neema, ambaye mimi bibi yake huniita shosho na babu yake alimwita guka. Akauliza, "Shosho, guka alikuwa anakuudhi na nini zaidi?"

Kukoroma, nikamwambia, na kuficha nyama nyuma ya maziwa kwenye friji. Nikacheka hadi nikashika mbavu, mara ya kwanza tangu afariki.

"Hiyo ndiyo saikolojia?"

"Hapana, shosho. Huo ni umbea tu."

Saikolojia ndiyo aliyotaka kusomea. Baba yake, kijana wangu Kamau, alisema ni unesi au wasisemezane. Mimi nilidhani ni kazi ya kusoma mawazo ya watu.

"Basi sasa ninawaza nini?"

"Kijiko cha tatu cha sukari, na daktari alikukataza."

Halafu akanieleza vizuri. Wanachunguza jinsi watu wanavyofikiri, wanavyokumbuka, wanavyojifunza na wanavyohuzunika. Hesabu za takwimu ni nyingi. Anayetaka kutibu watu huendelea kusoma miaka mingine baada ya digrii ya kwanza; wengine hufanya kazi shuleni au maofisini.

Mwanangu, mimi niliishia darasa la saba, siwezi kukuahidi kazi. Lakini ukiona unapenda kuuliza, na una subira ya kusikia jibu, kasomee. Kama unataka tu kuwaambia watu la kufanya, acha. Hilo hata mimi niliweza bila shule. Mungu akupe masikio mapana na moyo usiochoka upesi.

Jumapili Kamau alikuja amenuna. Neema alimpakulia ugali, akamuuliza, "Baba, ile siku ulipopoteza ng'ombe, guka alikufanya nini?"

Kamau akaanza kusimulia. Ugali ukapoa. Alipomaliza alikuwa anacheka huku akijipangusa macho, akamgeukia bintiye.

"Hiyo kozi yako inaanza lini?"