Wiki Tatu Kabla ya Ubatizo

Sisi tuliokulia vijiji vya Kishapu tukila michembe ya viazi vitamu kwa karanga tulikuwa na mambo mawili ya kuringia: miguu yenye nguvu na akina mama wasiotishika. Nina miaka ishirini na sita tu, na rafiki zangu hunicheka nikisema "enzi zetu" kama bibi kizee. Lakini mtu aliyewahi kulala juu ya rundo la pamba sebuleni, pua ikimwasha, akisubiri siku ya kuuza, ana haki ya kusema hivyo.

Kila Jumamosi tulitembea saa nzima kwenda mafundisho ya ubatizo kigangoni. Njia ilikatiza mto wa mchanga, ule ambao kiangazi hauna maji juu ila ukifukua kwa mikono unakunywa. Tulicheza rede njia nzima kwa mpira wa soksi, tukafika na vumbi mpaka kwenye kope. Katekista, mzee mrefu mwenye koti moja la kahawia, alitutazama na kuuliza, "Nyie mmekuja kubatizwa au kuogeshwa?"

Mama alikuwa ameolewa katika ukoo ulioshika mambo ya mizimu. Watoto wawili walionitangulia walikufa wachanga, kwa hiyo nilipozaliwa, Babu, mzazi wa baba yangu, alinifunga hirizi kiunoni: kipande cha ngozi kwenye uzi mweusi. Nilikua nayo, nikaoga nayo, nikalala nayo.

Wiki tatu kabla ya ubatizo, katekista aliwaambia wazazi wasisubiri kukatia vitu hivyo kanisani. Mzazi akate mwenyewe nyumbani, mchana, wakwe wakiona. Mama alipiga goti mbele ya Babu kama mkamwana anavyopaswa, akasema shikamoo, akasubiri marahaba, kisha akachukua wembe akakata uzi.

"Mama Kabula," Babu alisema, "huyo akiumwa usije kunililia."

"Sitakulilia, Baba. Nimeshamkabidhi kwa Mungu."

Kila mtu alidhani shida iko kati ya wale wawili. Kumbe shida ilikuwa kwangu. Nilikuwa na miaka tisa, na tayari kichwa changu kilikuwa hakijui kupumzika. Hirizi imekatwa leo, ubatizo ni baada ya wiki tatu. Hapo katikati mimi ni wa nani? Mizimu imeshanitoa, Mungu hajanipokea rasmi. Nikaanza kuogopa nyoka, radi, hata mbuzi wa jirani. Siku ya tatu nikamuuliza Mama, akiwa anapepeta mtama. Hakucheka.

"Ng'ombe akinunuliwa mnadani Mhunze, anatembea njia nzima na nani?"

"Na aliyemnunua."

"Au anasubiri afike zizini ndipo awe na mwenyewe?"

"Hapana."

"Haya, niletee ungo mwingine."

Wiki ya pili nikashikwa na homa mpaka meno yakagongana. Asubuhi Babu akaja na hirizi mpya mkononi. Baba, aliyekuwa kwenye mashimo ya dhahabu huko Geita, akapiga kupitia simu ya jirani: "Mama Kabula, wewe mfunge tu mtoto. Akipona utamfungua."

Leo ndiyo naelewa uzito wa asubuhi ile. Mwanamke aliyezika wawili anaambiwa na mume na mkwe wake afunge uzi tu. Mimi ningetafuta njia ya katikati, ningefunga na kusali pia. Mama alijibu, "Nampeleka zahanati. Na wewe sali hukohuko," akarudisha simu ya watu.

Alinipakia nyuma ya baiskeli, akanifunga kwa kanga kiunoni mwake nisianguke. Aliendesha huku anasali kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu anayetembea mbele yake kidogo. Kwenye mchanga wa mto baiskeli ikagoma. Nyuma yetu akatokea Babu akihema, kumbe alikuwa ametufuata kwa miguu. Akanifungua, akanibeba mgongoni hadi ng'ambo, hirizi ikiwa bado mfukoni mwake.

"Wewe mwanamke ni mbishi," alisema aliponishusha.

"Asante, Baba."

Ilikuwa malaria. Nikachomwa sindano, nikapewa dawa, na siku ya nne nikaomba ugali. Jumapili ya ubatizo Babu alisimama mlangoni mwa kanisa, kofia mkononi. Hakuingia, na Mama hakumsimanga hata siku moja. Wanawake wa jumuiya walipomuuliza kwa nini Mungu aliacha niumwe, alijibu kwamba hakuahidiwa mtoto asiyeumwa, aliahidiwa kutoachwa.

Siku hizi kizazi chetu kimesoma. Tunawacheka akina Babu, huku pochi zetu zimebeba chupa ya mafuta ya upako na kitambaa kilichoombewa, na simu zina maombi ya kufungua milango ya ajira. Wiki iliyopita, nikiwa stendi ya Shinyanga kwenda usaili wa kazi Geita, nilikuwa na vyote vitatu, na bado nilikagua mara nne kama cheti kimo kwenye begi. Nikampigia Mama, nikamwaga hofu zangu moja baada ya nyingine. Alisikiliza zote, kisha akauliza kama nimekunywa chai. Nikasema ndiyo.

"Basi panda gari, mwanangu. Mimi nawahi kigangoni."

Enzi zile niliogopa vilevile. Ila niliogopa nikiwa nimelalia mgongo wake, nikisikia sala ikitetema mbavuni mwake kabla haijapaa. Sasa nasali mwenyewe, kwa maneno mengi zaidi na imani ndogo zaidi, na mgongo ule uko mbali, unavuka mchanga kwenda kigangoni, mikono mitupu.