Bata Walioliwa kwenye Matanga Yangu

Majina sitayataja, maana Bagamoyo ni ndogo na kesho asubuhi tutakutana sokoni tukigombea nyanya. Lakini vyeo vyao nitavitaja, wenyewe watajijua. Aliyetangaza kifo changu ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Aliyeamuru bata wangu wachinjwe ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, mama wa sauti, akikohoa kwake wewe kwako unajibu pole. Mimi shule niliiacha darasa la nne, ila bata wangu nilikuwa nawajua mmoja mmoja kwa mwendo.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa Novemba tumbo lilinishika, nikajua ni chango la kawaida, nikalinywea mizizi. Kumbe utumbo umetoboka. Nikapelekwa hospitali kubwa Dar, nikapasuliwa, nikashonwa kama gunia la mkaa. Wifi ndiye aliyeniuguza. Tangu kaka yake afariki tunaishi naye nyumba moja, wawili tu, mtoto sikujaliwa na yeye hakujaliwa. Ananipikia, nampikia, tunagombana, tunalala.

Siku hiyo alitoka kwenda kunitafutia uji. Aliporudi wodini akakuta kitanda changu kitupu, shuka limetolewa, godoro limekunjwa. Aliyewahi kuuguza mtu anajua godoro lililokunjwa lina habari gani. Hakumuuliza nesi, wala mgonjwa wa kitanda cha pili. Aliangua kilio, akaangusha uji, akapanda basi, na kilio chake kikafika Bagamoyo kabla yake kwa njia ya simu. Mimi wakati huo nimehamishiwa wodi nyingine, kitanda cha dirishani chenye upepo mzuri, nikijiuliza huyu wifi amekwenda kutafuta uji wa nchi gani.

Kwangu turubai likafungwa. Ulikuwa ndio mwezi wa kuwaombea marehemu, kwa hiyo jumuiya ilikuwa tayari moto: nyimbo wanazo, rozari mkononi, aliyekuwa anakosekana ni marehemu tu. Wakampata. Mwenyekiti akawatazama watu waliojaa uani, akalitazama banda langu, akasema, "Mwenyewe alikuwa mkarimu, angependa."

Angependa! Bata sita, wote wa kutaga isipokuwa dume.

Kesho yake wanaume watatu wa jumuiya walikuja kuuchukua mwili. Chumba cha maiti hawakuukuta, wakamgombeza mhudumu kwamba amewapotezea mtu wao. Nesi mmoja akawahurumia, akawaleta wodini. Nikawaona wamesimama miguuni pangu, wamevaa makoti, mmoja kakumbatia shuka jeupe jipya.

"Mmekuja kuniona au kunichukua?" nikawauliza.

Wa katikati akasema, "Tumsifu Yesu Kristo."

Halafu akapiga simu nyumbani, nikamsikia kwa masikio yangu haya: "Zimeni moto. Marehemu anakunywa uji."

Moto haukuzimwa. Wali ulikwishaiva.

Niliporudi nyumbani niliteremka garini nikiwa nimejishika tumbo, na kitu cha kwanza kukiona ni manyoya yaliyonasa kwenye ua. Wifi alitoka mlangoni, akasimama, hajui anicheke au anililie. Nami nikamwambia neno moja tu: "Wifi, ulikuwa na haraka ya nini?"

Alinitandikia kitanda, akanichemshia maji, na kesho yake asubuhi akafunga kifurushi akaenda Miono, kwenye shamba la wazee wao. Kwa jirani aliacha ujumbe kwamba harudi tena, kwa kuwa nyumba ya mtu uliyemzika hai hukai. Nikasema aende. Hasira yangu ilikuwa mbichi kuliko kidonda.

Basi Majilio, yale majuma manne ya kuingoja Noeli, yakanikuta hivyo. Nyumba nzima ina mtu mmoja na nyuzi zake. Nikipika, napika sufuria dogo. Nikimaliza kula hakuna wa kuniambia chumvi imezidi. Kanisani padre akahubiri kwamba furaha ya Mkristo haiji yenyewe, inalimwa, inapaliliwa, ndiyo kazi ya siku hizi za kumngojea Bwana. Nikasema moyoni, baba, mimi jembe nimelishika tangu mtoto. Unapanda muhogo, unapalilia muhogo, na anayeula ni nguruwe pori. Sasa mwenye jumuiya yenye nguruwe wa namna ile apalilie nini?

Jumuiya yetu ina desturi yake. Taji la Majilio, lile la matawi ya mvinje na mishumaa minne, linahama nyumba kwa nyumba, kila wiki nyumba moja. Na mshumaa wa wiki unawashwa na wenye nyumba wote, mkono juu ya mkono, hata mtoto mchanga anashikishwa. Zamu zilipangwa kabla sijaugua. Wiki ya tatu, wiki ya mshumaa wa pinki, mshumaa wa furaha, ilikuwa yangu.

Mwenyekiti akaja, sauti kaipunguza mpaka nikadhani anaumwa.

"Hodi mwenzangu. Nimekuja kuhusu zamu. Kama hujawa tayari, tutaihamisha."

"Mlinizika bila kuniuliza. Leo zamu mnaniuliza?"

"Sasa tungejuaje? Alituambia wifi yako."

"Na bata nao walikuambia wako tayari?"

Akatazama chini. "Watu walikuwa wengi, mwenzangu."

"Peleka taji kokote unakotaka," nikamwambia. "Mlango huu haufunguki kwa mtu aliyekula matanga yangu."

Aliondoka. Nikajiona mshindi, nikakaa na ushindi wangu peke yangu mpaka chai ikapoa.

Kwenye saa kumi akaingia kwa mlango wa uani jirani yangu, bibi mmoja wa watu wa asili ya Oman, wanaouza vitambaa mji wa kale. Huyu hapigi hodi, anakohoa. Alikuwa na sahani ya visheti chini ya mtandio.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia umemfukuza mama wa kanisa."

"Walikula bata wangu, bibi."

"Najua. Paja nililila mimi."

Nikamtazama.

"Halali kabisa," akasema, akijiweka sawa kwenye kiti. "Aliyechinja ni mjukuu wangu, walimwita makusudi ili na sisi tule. Mwanangu, mimi matanga nimekaa mengi katika umri huu, lakini yako yalikuwa mazuri. Yule mama wa kanisa alisimama akasema marehemu alikuwa mpole, mtu wa maneno machache."

"Mimi?"

"Watu walitazamana. Fundi cherehani wa kona ile aliuliza kama amekosea msiba."

Hapo nikacheka. Sikutaka, kicheko kilinitoka chenyewe, na nyuzi zikanivuta nikashika tumbo kwa mikono yote miwili. "Usinichekeshe, bibi, nitafumuka!"

"Fumuka, tutakushona, vitambaa tunauza." Kisha akaacha kucheka. "Ila wifi yako hakula. Wote tulikula, yeye alikaa kwenye mlango wa banda la bata na kanga yako kaikumbatia, anasema, nitaishi na nani mimi, nitaishi na nani. Sauti ilimkauka. Ilipokuja simu kwamba u mzima, aliinuka akaanguka, akainuka tena, akachukua upawa akacheza uani peke yake. Tulidhani kapandisha pepo. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Tangu nirudi nilikuwa nimeuliza habari za bata tu.

Bibi akanisogezea sahani. Nikala kisheti kimoja, nikala cha pili, kisha nikamwambia, "Bibi, nipigie Miono. Simu yangu hapokei."

Akapiga kwa simu yake, wifi akapokea. Nikaivuta simu.

"Marehemu anakuita," nikasema.

Nasikia jogoo wa Miono. Halafu, "Marehemu yupi?"

"Yule uliyemlilia ukakauka sauti. Jumapili tuna zamu ya mshumaa, na desturi unaijua, wenye nyumba wote."

"Wifi, watanicheka."

"Watatucheka wote. Mimi nimefufuka bila idhini ya jumuiya, unafikiri wataanza na nani?"

Hakusema anakuja, hakusema haji. Simu ikakatika, au aliikata. Nikamtuma mjukuu wa bibi, yule yule mchinjaji, akamwambie mwenyekiti alete taji.

Jumapili hiyo padre alivaa vazi la pinki, kama keki ya harusi, na mimi nikatandika mikeka. Jumuiya ikaja yote. Wenye aibu walikaa karibu na mlango. Mwenyekiti akaliweka taji juu ya kigoda. Mshumaa wa pinki madukani hakuupata, basi alichukua mweupe akaupaka rangi ya kucha ya binti yake, ukang'aa kama kidole cha bi harusi.

Tukaimba. Wifi hajafika. Gari za Miono unabadilisha Chalinze, na Chalinze ndiko safari za watu huenda kulala. Wimbo ukaisha, nikaomba mwingine. Ukaisha, nikaomba rozari. Rozari ikaisha, mwenyekiti akasimama na kiberiti.

"Mwenzangu, tuwashe, watu wana watoto nyumbani."

"Hauwashwi. Wenye nyumba hatujatimia."

"Na asipokuja?"

Hilo nililiogopa kuliko kisu cha daktari. Nikasema, "Akikosa, utaukuta hivyo hivyo wiki ijayo, rudi na rangi yako."

Tukaimba tena. Katikati ya wimbo nikasikia bodaboda inazimwa nje, na mtu anaambiwa, "Mama, teremka basi, umefika." Ikachukua muda. Kisha wifi akaingia, vumbi mpaka kope, mfuko wa kunde kichwani. Watu wakaacha kuimba, lakini hakuna aliyecheka. Nikanyoosha mkono. Akaweka wake juu ya wangu, na tukauwasha mshumaa.

Ile rangi ya kucha ikashika moto! Mwali ukaruka kama wa jiko la mafuta, mwenyekiti akaruka nyuma kilemba kimekaa upande, na harufu ikajaa ndani kama saluni. Ukatulia, ukawaka vizuri kabisa.

Zikafuata nia, yale maombi ya kila mtu kwa zamu. Wifi ndiye aliyeanza, macho kayafumba kwa bidii. "Ee Bwana, tunakushukuru kwa ajili ya marehemu wifi yangu…"

Akafumbua macho, akaniona. Mishumaa yenyewe niliiona imenyamaza.

"Amina," nikaitikia. "Marehemu anasema msisahau na bata."

Aliyeanza kucheka ni mwenyekiti, kwa sauti yake ile, halafu nyumba nzima. Wale watatu wa makoti walilaliana mabegani. Wifi alicheka huku analia, mimi nimeshika tumbo langu nawasihi wanihurumie, wanazidi. Kutoka uani nikasikia kikohozi cha bibi, naye anacheka, kumbe alikuwa dirishani muda wote. Sijui kama hiyo ndiyo furaha aliyoisema padre. Mimi sikuipalilia, iliota juu ya manyoya ya bata wangu, na nimeivuna hivyo hivyo.

Msidhani nimelainika. Siku ya Noeli mwenyekiti alileta bata mmoja, dume, anayechechemea. Nimempokea, na mwenyekiti nimemsamehe kwa kiasi cha bata mmoja, nimemwambia na yeye mwenyewe. Kila tukikutana namuuliza habari za wale watano, naye anaharakisha.

Wifi yupo. Kila alfajiri, kabla hajawasha jiko, anakuja kunigusa mguu.

"Upo?"

"Nipo," namjibu. "Bandika uji. Na godoro langu usilikunje."